Mguu wa Marehemu

Muuza duka alikataa kulifungua boksi. Alisema ukilifungua umenunua, na ukinunua halirudi. Juu ya boksi palikuwa na picha ya Mzungu ameshika kamera iliyokaa kwenye stendi ya mguu mmoja, anacheka, na nyuma yake gari la mbio linapita. Nililitikisa. Ndani kitu kiligonga kama kijiko kwenye kikombe cha bati. Nikamwuliza kama ana hakika kwamba kilichomo ndicho kilichochorwa.

"Bwana, wewe unanunua au unapeleleza?" akaniuliza.

Nililirudisha boksi kwenye rafu nikatoka. Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, na Mwanza ilikuwa imejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu kwa watu waliosafiri. Nilikwisha kununua betri zilizokufa kabla sijafika nyumbani. Nilikwisha kununua pasi yenye jina maarufu, nikaja kugundua kwamba jina lile limepungua herufi moja. Nikafikia hali ya kuigonga hata sabuni kwa kucha kabla ya kulipa. Lakini ile stendi nilikuwa naihitaji kweli, na siku zilikuwa zinakimbia.

Nieleze kwanza kwa nini mtu mwenye studio ya picha za pasipoti alihitaji kitu kama kile.

Studio ilikuwa ya kaka yangu. Mimi niliishia darasa la saba, nikaja kutoka Ukerewe kumsaidia, akanifundisha kazi ya chumba cha giza, pa kusafishia picha. Kwa miaka yote ile yeye alitoka nje na kamera, mimi nilibaki ndani na beseni za dawa. Nilipiga picha za watu waliokaa kwenye kiti mbele ya pazia, watu wasiotikisika. Yeye alipiga harusi, mikutano, na zaidi ya vyote mbio za magari. Mara chache kwa mwaka madereva walikuja kushindana kwenye barabara za vumbi nje ya mji, na kaka ndiye aliyekuwa mpiga picha wao. Picha zake zilitundikwa kwenye magereji na kwenye sebule za matajiri wenye magari. Gari limetulia kana kwamba limeegeshwa, namba yake inasomeka, lakini magurudumu yanazunguka na miti ya nyuma imekuwa michirizi. Nilizisafisha picha zile mimi mwenyewe, nikaziona zikitokea polepole ndani ya maji, na sikuwahi kumwuliza anafanyaje.

Kisha akaugua. Aliugua kwa muda mrefu, na watu walinong'ona mambo mawili matatu ambayo sikuyajibu, hata sasa siyajibu. Tukamzika nyumbani Ukerewe. Niliporudi nilikuta mjini kumefunguliwa maabara ya picha za rangi, unapeleka mkanda asubuhi, mchana unachukua picha. Wateja wa picha nyeusi na nyeupe walipungua, kwanza wanafunzi, halafu hata wazee. Kilichobaki cha maana kilikuwa kazi ya mbio za magari, kwa kuwa madereva bado walipenda picha kubwa nyeusi na nyeupe za kutundika. Bila kazi ile, mlango wa studio ungefungwa. Hili nililijua, na mwenye nyumba pia alilijua.

Katibu wa chama cha mbio alikuwa Mhindi wa hapa hapa Mwanza, mwenye gereji, anayezungumza Kisukuma kuliko mimi. Alikuja kunipa pole, akakaa kwenye kile kiti cha kupigia picha, akanywa soda. Halafu akaniuliza nani atapiga picha za mbio zijazo. Nikamwambia nitapiga mimi. Akatazama ukutani zilipokuwa picha za kaka, akanitazama mimi, akatazama tena ukutani. Alisema yuko kijana mmoja Nairobi, ana kamera mpya, amekwisha kuandika barua. Lakini kwa heshima ya marehemu atanipa mbio moja. Nikitoa picha moja ya kutundika, kazi ni yangu. Nisipotoa, tusilaumiane.

Siku ile ile nilishusha begi la kaka kutoka juu ya kabati. Kamera ilikuwepo. Lenzi ndefu ilikuwepo, nzito kama nyundo ya fundi chuma. Niliifunga, nikainua, nikatazama barabarani kupitia dirishani. Mikono ilitetemeka hadi watu wa ng'ambo ya barabara wakaonekana wanacheza ngoma. Nikaiweka juu ya stendi ya studio, ile ya miguu mitatu. Ikatulia vizuri sana, lakini gari lilipopita sikuweza kulifuata. Nilipoigeuza, mguu mmoja uliinuka, na lenzi ikatazama dari.

Ndipo nikakumbuka sauti ya kaka, akitafuta kitu asubuhi za siku za mbio: "Mguu wangu uko wapi? Nani kauchukua mguu wangu?" Alikuwa na stendi ya mguu mmoja, bomba jeusi linaloingia ndani ya bomba jingine, ukilivuta linarefuka. Aliiita mguu wake, nami nikaiita hivyo. Uzito wa lenzi ulishuka kwenye bomba hadi ardhini, na yeye akabaki na kazi ya kugeuka tu kiunoni, gari linavyopita.

Nilitafuta begini, kabatini, chini ya kitanda, chumba cha giza. Haukuwepo.

Hapo ndipo nilipoanza kuwashuku watu. Nilimshuku fundi saa wa chumba cha jirani aliyekuwa na ufunguo wetu wakati wa msiba. Nilimwuliza kwa kuzunguka, kama ameona chuma chochote kimeachwa ovyo, naye akaelewa ninachouliza, na tangu hapo salamu yake ikawa fupi. Nilimshuku mwenye nyumba. Kwa muda nilimshuku hata yule kijana wa Nairobi ambaye sikuwahi kumwona.

Mtaa wa Makoroboi wakati ule walikaa wauzaji wa vitu vilivyotumika: saa, redio, viatu, na kamera zilizotoka kusikojulikana. Nikaenda. Mmoja wao alikuwa na stendi ya mguu mmoja, imelala kati ya pasi na feni, nyeusi, mabomba matatu. Niliichukua nikaanza kuigeuza. Nilitafuta alama ambayo ningeitambua, na nikagundua kwamba sikuwa najua alama yoyote. Miaka yote ile nilikuwa nauona mguu ule mkononi mwa kaka bila kuutazama.

Nikamwuliza mwuzaji ameitoa wapi.

"Kwa mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye kuuza. Kaka, wewe ni askari? Kama ni askari sema, nifunge biashara tukanywe chai."

Nikamwambia mimi ni mpiga picha. Akasema mpiga picha huuliza bei, askari ndiye huuliza kitu kimetoka wapi. Waliokuwa jirani wakacheka. Nikaivuta ile stendi mpaka ikawa ndefu, nikaiegemea kwa mkono. Ikazama polepole hadi mkono wangu ukafika kiunoni. Mwuzaji akaninyang'anya kwa upole, akasema hicho ni cha kubeba kamera, si cha kubeba mtu mwenye mawazo. Sikujua kama ni ya kaka, na sikujua kama ni nzima. Niliondoka na mashaka mawili badala ya moja.

Huenda, nikafikiri, mguu ulibebwa Ukerewe pamoja na vitu vya marehemu wakati wa msiba. Barua ingechelewa, na kule hakukuwa na simu. Palikuwa na mama mmoja wa kijijini kwetu aliyeleta dagaa sokoni Kirumba kila wiki. Nikamfuata mwaloni, pale mitumbwi inapotua, nikampa salamu awafikishie wazee, na nikamwomba aulize jambo moja. Maneno niliyomwambia nayakumbuka vizuri kwa sababu baadaye nililazimika kuyarudia mbele ya watu. Nilisema: "Waambie mguu wa marehemu hauonekani. Kama kuna aliyeuchukua, asiogope, aurudishe tu."

Yule mama alinitazama kwa muda. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo, nimetafuta kila mahali. Akafunga magunia yake, na nikaona ameenda kukaa mbali na watu.

Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyotegemea. Binamu yangu alivuka ziwa, akaja studio, akasimama mlangoni bila kuingia. Alisema wazee wananiita, niende na meli ya kesho, nisikose. Nikamwuliza kuna nini. Akasema niulizwe mimi. Usiku ule alilala kwa mtu mwingine.

Nilishuka bandarini Nansio, nikapanda baiskeli ya abiria hadi kijijini. Nilikuta ukoo umekaa uani kama siku ya msiba, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Niliwaamkia, "Shikamooni," na marahaba ilitoka kwa shida, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyenipa mkono. Nilipopita karibu na kaburi la kaka niliona nyasi zimekanyagwa pande zote, na udongo wa juu umeguswa na kusawazishwa upya.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yetu, ndiye mkubwa wa ukoo. Hakuzungumza. Aliyezungumza ni shangazi.

"Mwanangu," akasema, "tumetuma mtu akalitazama kaburi. Tumelizunguka. Halijafukuliwa. Sasa tueleze wewe ulijuaje kuhusu mguu."

Nilichukua muda kuelewa. Miaka ile palikuwa na uvumi mwingi juu ya viungo vya watu, watu wakisema matajiri wapya wanavinunua, na hakuna aliyejua kweli iko wapi. Kumbe wiki nzima ukoo wangu ulikuwa hauli vizuri. Wengine walidhani kuna mtu wa nyumbani amemkata marehemu kabla ya kuzikwa. Wengine, kama nilivyoambiwa baadaye, walidhani ni mimi, na kwamba ninatangulia kulalamika ili nisishukiwe. Wenye huruma walisema msiba umenipanda kichwani.

Nikawaeleza. Nilisema mguu ni wa kamera. Nikasimama, nikaonyesha kwa mikono, bomba linavyovutwa, kamera inavyokaa juu, mtu anavyogeuka. Nilionekana mjinga, najua, lakini nilionekana mzima. Shangazi akanitazama hadi mwisho.

"Chuma cheusi," akasema. "Kinaingiana."

"Ndiyo, shangazi."

"Kina mpira chini."

"Ndiyo."

Akawageukia wenzake. "Ni fimbo. Ile fimbo ya chuma tuliyompa baba yao mdogo." Halafu akanigeukia mimi. "Tulibakiza kidogo tufukue kaburi la watu kwa ajili ya fimbo."

Wanawake wakaanza kucheka kwa kujizuia, wakiziba midomo kwa khanga, mpaka mmoja akashindwa, na wote wakashindwa. Hata mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Lakini baba mdogo hakucheka. Alikuwa ameangalia chini.

Kwetu, siku ya kuanua matanga, vitu vya mkononi vya marehemu hugawiwa. Koti kwa huyu, viatu kwa yule, redio kwa mwingine, na fimbo humwendea mzee. Siku ile mimi nilikuwa ufukweni peke yangu. Nilisema nakwenda kuoga, na sikurudi hadi vitu vyote vilikuwa vimekwisha kupata watu. Sikutaka kuona. Kaka hakuwa na fimbo, alikuwa bado kijana, lakini kwenye mzigo wake walikuta bomba lile, wakaona ni fimbo ya mjini. Shangazi alisema lilikuwa limefungwafungwa mpira mchafu wa baiskeli, wakautoa wakauchoma, wakaling'arisha kwa majivu ili lifae kupewa mtu mzima.

Watu walipotawanyika baba mdogo aliniita ndani. Fimbo ilikuwa imesimamishwa kwenye kona, nyuma ya mlango, imefunikwa gunia. Hakuigusa. Alinionyesha kwa kidevu.

Alinieleza kwamba mwanzoni aliipenda. Alitembea nayo hadi kanisani, watu wakaisifu. Halafu siku moja akishuka kwenda ziwani, fimbo ilisinyaa mkononi mwake. Alianguka magotini. Aliitazama, imekuwa fupi kama mwiko. Akairefusha, ikakubali, akatembea hatua chache, ikasinyaa tena. Hakumwambia mtu. Tangu hapo alitembea kwa kushika ukuta na miti.

"Alipokuwa hospitali sikwenda kumwona," akasema. "Niliahirisha na kuahirisha. Nilijua atakasirika. Sasa na wewe umekuja kuiulizia. Ichukue, mwanangu. Mwenyewe anaitaka."

Mguu ulikuwa mbele yangu. Nilichotakiwa kufanya ni kusema asante. Kitu kilichotolewa siku ya kuanua matanga hakiombwi tena, kuomba ni kumtukana aliyepewa na ni kama kuuita msiba urudi. Lakini hapa sikuwa nimeomba. Nilikuwa napewa, kwa hiari, na mtu ambaye angefurahi kuniona nikiondoka nacho. Nilifikiria katibu amekaa kwenye kiti changu cha kupigia picha. Nilifikiria mlango wa studio.

Nikaondoa gunia. Nikakaa chini, nikaulaza mguu kwenye mapaja, nikamwita asogee. Nikamwonyesha vile vibano viwili vinavyokaza bomba kwenye bomba. Cha chini kilikuwa kimelika. Ndiyo maana kaka alikuwa amezungusha mpira wa tyubu ya baiskeli pale kwenye kiungo, ule waliouchoma. Bila mpira kibano hakishiki, na mzigo ukizidi bomba linazama. Nikaegemea, likazama. Nikamwambia aegemee, akaogopa, halafu akaegemea, likazama. Nilitoka nje, nikaomba kipande cha tyubu kwa mwenye baiskeli iliyonileta, nikakifunga kwa kukaza kama nilivyoona kimefungwa zamani. Nikampa. Aliegemea kwa uzito wake wote. Fimbo ikasimama.

"Kwa hiyo hakunikasirikia," akasema.

"Mimi sijui alifikiri nini, baba," nikamjibu. "Ila fimbo haikusinyaa kwa ajili yako. Ilikuwa inasinyaa hata kwake."

Aliitazama. Akaivuta ikawa ndefu, akairudisha ikawa fupi. Akatoka nayo nje. Nilimwona kupitia mlangoni akishuka kuelekea ziwani, akiirefusha mteremko ulipozidi, akisimama kila baada ya hatua chache kuijaribu kwa uzito wake, kwa kuwa bado alikuwa hajaiamini sawasawa. Niliporudi mjini na meli ya asubuhi sikuwa na mguu.

Ila sasa nilijua kitu kimoja. Stendi ile ya Makoroboi ilizama. Ya kaka mwenyewe ilizama. Lile boksi la dukani liligonga kama kuna kitu kimelegea. Tatizo la vyote lilikuwa viungo. Mtu mwenye uzoefu huijua stendi yake, anajua pa kufunga mpira na pa kutoegemea. Mimi mgeni wa kazi ile, mwenye mikono ya kutetemeka na mbio moja tu ya kujaribiwa, nilihitaji kitu ambacho nisingekuwa na sababu ya kukishuku hata kidogo. Bomba moja lisilo na kiungo, lenye urefu wa kufika jichoni pangu, basi.

Nikaenda Igoma, pembezoni mwa mji, kwa fundi wa kuchomelea. Nilimwambia nataka bomba jembamba, liwe la urefu huu, juu lichomelewe skrubu, na nyuzi za skrubu zilingane na hii niliyokuja nayo. Aliweka miwani yake ya kuchomelea kwenye paji la uso.

"Gobore hilo," akasema.

Nikasema si gobore. Akasema wanaotengeneza gobore wote husema si gobore, na kwamba hapo barabara ya Musoma bunduki zimezidi, yeye ana watoto. Nikaeleza. Akasema hajawahi kuona kamera inayosimama kwa mguu mmoja kama korongo. Hakuwasha moto mpaka nilipokwenda mjini na kurudi na kamera, lenzi na kila kitu, akatazama ndani ya lenzi mwenyewe, akamwona mke wa jirani yake anaanua nguo mbali kule, akacheka. Ndipo akakata bomba. Akaongeza kisahani kidogo chini lisizame kwenye vumbi. Lilikuwa zito na baya kuliangalia. Niliegemea kwa uzito wangu wote, na halikuniambia kitu.

Nilikwenda kufanya mazoezi kando ya barabara ya Musoma, bila mkanda ndani ya kamera. Nilisimama na bomba langu, nikangoja magari yapite kwa kasi. Hayakupita kwa kasi. Kila dereva aliyeniona kwa mbali alifunga breki. Mabasi yalianza kupigiana taa kwamba mbele kuna askari wa usalama barabarani na mtambo mpya. Malori yalinipita kwa mwendo wa jeneza, madereva wametazama mbele kwa adabu. Mmoja alisimama kabisa, akashuka na leseni mkononi, akaniuliza kosa lake ni nini, afande. Nikamwambia hana kosa, nilitaka tu aende mbio. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alisema, "Nikienda mbio ndiyo unikamate vizuri," akarudi ndani akaondoka polepole kuliko alivyokuja.

Nikawaacha wenye magari, nikahamia kwenye mteremko wa Igoma ambako vijana walishuka na baiskeli zilizobeba maziwa. Hao hawakumwogopa mtu. Nilijifunza kwao. Nilijifunza kupanda bomba mbele ya vidole vya miguu, kumchukua mtu akiwa bado mbali, kugeuka naye kwa kiuno wala si kwa mikono, kubonyeza huku naendelea kugeuka, na kutosimama baada ya kubonyeza. Bomba lilizunguka kwenye kisahani chake kwa utulivu. Nilikosea mara nyingi, lakini sasa makosa yalikuwa yangu.

Siku ya mbio upepo wa ziwa ulikuwa umelala, na vumbi lilikaa hewani bila kuondoka. Nilichagua kona yenye mawe makubwa. Watu walinisogelea, mmoja akauliza kama lile bomba ni la kupimia ardhi, mwingine akamwambia asimame mbali, huwezi kujua. Magari yalipoanza kuja nilisahau karibu kila nilichojifunza. La kwanza lilipita nikiwa bado natafuta kidole changu. La pili nilipiga vumbi lake. Baadaye mwili ulitulia kidogo. Nilimaliza mkanda, nikaweka mwingine, nikaumaliza nao.

Niliisafisha jioni ile ile, na asubuhi nikachapa picha moja kubwa. Nikaipeleka gereji kwa katibu.

Aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza penye mwanga. Gari jeupe lilikuwa limetulia, namba yake inasomeka, magurudumu yanazunguka, mawe ya nyuma yamekuwa michirizi. Alitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika, lakini si kwa furaha. Aliiweka mezani.

"Hii ni ya marehemu," akasema. "Ndugu yangu, mimi nilimpenda kaka yako. Usinifanyie hivi."

Nikamwambia ni yangu. Akasema gari jeupe la namba ile lilishindana hata mwaka uliopita, na kona ile ni ile ile, na mkono ule anaujua. Mafundi wawili waliacha kazi wakasogea. Nilitoa mfukoni mikanda yote miwili niliyoisafisha, nikamwomba anifuate dirishani, nikaishikilia kwenye mwanga, aitazame picha moja baada ya nyingine.

Alitazama. Vumbi tupu. Nusu ya gurudumu. Barabara isiyo na gari. Kiwiko cha mtazamaji. Mkia wa gari. Mawe, mawe, mawe. Gari limekuwa ukungu mrefu kama shuka iliyoanikwa. Kisha ile moja, katikati, imesimama sawasawa. Halafu tena vumbi, na vumbi.

Alianza kutikisika mabega. Nilidhani amekasirika. Alikuwa anacheka, na alipogeuka macho yake yalikuwa na maji.

"Marehemu hakuharibu mkanda namna hii hata siku moja," akasema.

"Hakuharibu," nikasema.

"Basi ni yako." Akawaambia mafundi warudi kazini. Akachukua ile picha, akaanza kutazama ukuta wa gereji, akitafuta mahali pa kuitundika, huku akiniambia bila kugeuka kwamba mbio zinazofuata ni za Shinyanga, niwahi, na nije na mikanda mingi.